Je, Wajua? Moyo, Pampu Isiyojua Likizo

Mapipa 36 kwa siku
Ukiwa umekaa tu, moyo wako husukuma lita 5 hivi za damu kila dakika. Piga hesabu ya saa 24: lita 7,200, yaani mapipa 36 ya lita 200! Na mwilini mna lita 5 tu hivi za damu. Ni zilezile, zinazunguka upya karibu kila dakika.

Pampu ni mbili
Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni ikachukue oksijeni. Wa kushoto huisambaza mwili mzima. Kiasi ni kilekile, ila kuta za kushoto ni nene zaidi: mapafu ni jirani, vidole vya miguu viko mbali.

Anachosikiliza daktari ni milango
Ule mlio wa "du-dup" hutokana na vali, yaani milango ya moyo, zinazojifunga ili damu isirudi ilikotoka. Vali ikivuja, mlio hubadilika, na sikio lililozoea hugundua mapema.

Hausubiri amri ya ubongo
Katika chumba cha juu cha kulia cha moyo kuna seli zinazojitengenezea umeme wa kuamsha kila pigo. Ubongo huongeza au kupunguza kasi tu. Ndiyo maana moyo uliopandikizwa hudunda kifuani mwa mtu mwingine.

Presha ya twiga ingetutisha
 Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, twiga hutembea na presha takriban mara mbili ya yetu, na haumwi! Moyo wake wa kilo 11 hivi una kazi ya kupandisha damu kwenye shingo ya karibu mita 2.

Mamba ana njia ya mchepuko
Katika Mto Ruaha Mkuu upitao hifadhini humo, mamba akizama anaweza kuielekeza sehemu ya damu isipite mapafuni. Hewa mpya haipo, ya nini kujisumbua na safari?

Moyo husimamishwa, mtu akaishi
Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hufanya upasuaji wa kufungua kifua. Moyo ukisimamishwa, mashine husukuma damu na kuitia oksijeni. Mashine nzima, na mtaalamu wa kuiendesha, kushika zamu ya kiungo cha gramu 300 hivi!