Shilingi 80,000 za Nini? Kabla ya Kulinganisha Bei za Upasuaji wa Mbwa

Nilifanya kazi ya ugavi serikalini hadi nilipostaafu, na kazi hiyo ina utaratibu mmoja unaonifuata hata nyumbani: andika kwanza unachotaka kununua, ndipo uombe bei. Ukiomba bei ya meza bila kutaja mbao wala vipimo, utaletewa profoma tatu zisizohusiana, na ile ya chini kabisa itakuwa ya meza usiyoihitaji. Mwaka jana, nilipokuwa natafuta mahali pa kumfunga kizazi mbwa wangu, niliona kwamba wengi wetu tunanunua upasuaji wa wanyama namna hiyo hiyo. Tunapiga simu, tunauliza "Ni shilingi ngapi?", tunatajiwa kiasi, basi. Anayetaja kidogo ndiye tunayempelekea mnyama.

Mbwa mwenyewe anaitwa Tausi, jike la kienyeji lenye uzito wa kilo 18, mlinzi wa nyumba yetu hapa Kimara. Kila alipoingia joto, madume ya mtaa mzima yalilala getini, na watoto aliowazaa walikuwa wengi kuliko majirani wa kuwapokea. Niliulizia kliniki tatu jijini Dar es Salaam. Ya kwanza, jirani na stendi, ilitaja shilingi 80,000. Ya pili, upande wa Sinza, ilitaja 170,000. Ya tatu, iliyoko Masaki, ilitaja 320,000. Operesheni ni ile ile moja: kufungua tumbo, kutoa ovari na mji wa mimba, kufunga mishipa ya damu, kushona. Mtu akiziona bei hizo tatu zimesimama peke yake atasema wa Masaki anaibia watu, au wa stendi ni mbabaishaji. Mimi sikusema hivyo. Nilikwenda kote kutatu nikiwa na daftari, nikauliza kila mmoja: ndani ya bei hiyo kuna nini?

Wa stendi alinijibu bila kuficha. Shilingi 80,000 ni sindano ya nusu kaputi, kupasua na kushona. Dawa za siku tano baada ya hapo, za maumivu na za kuzuia kidonda kuoza, ni 30,000. Kola ya plastiki ya kumzuia mbwa asilambe mshono ni 15,000. Kurudi siku ya tatu kuangaliwa ni 10,000, na kutoa nyuzi ni 10,000 nyingine. Hapo tumeshafika 145,000. Kipimo cha damu hakuwa nacho. Alisema nikikitaka kuna maabara inayokifanya kwa 40,000. Jumla 185,000. Yule wa Sinza kwenye 170,000 yake alikuwa ameshaweka dripu, dawa zote, kola, marudio na kutoa nyuzi. Kipimo cha damu tu ndicho kilichokuwa pembeni, kwa 30,000. Jumla 200,000. Tofauti iliyoonekana kwenye simu kuwa shilingi 90,000, kwenye daftari ilibaki 15,000.

Kipimo hicho cha damu nataka nikizungumzie kwa kirefu, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza watu hukikata ili bei ishuke. Mwanzoni hata mimi nilidhani ni mapambo. Daktari wa Sinza, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, alinikalisha akanieleza.

"Mama, Tausi anapata kupe?"

"Mwanangu, mbwa gani wa Kimara asiyepata kupe?"

Akaniambia kwamba homa za kupe zimejaa kwa mbwa wetu, na ipo mojawapo, iitwayo ehrlichia, inayopunguza zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Mbwa anaweza kukaa nayo muda mrefu, anakula, anabweka, anakimbiza paka, hujui kitu. Siku akifunguliwa tumbo ndipo damu inapokataa kusimama. Kipimo kinaonyesha chembe hizo zimebaki kiasi gani. Zikiwa chini, operesheni inaahirishwa, mbwa anatibiwa kwanza homa, kisha anarudi. Kwa mbwa wa mjini kwetu, basi, shilingi 30,000 za kipimo si za kubembelezana. Kama fedha ni kidogo kweli, ni afadhali kusubiri mwezi mmoja zaidi ujikusanye kuliko kuzitoa hizo kwenye hesabu.

Kitu cha pili kinachobeba bei ni nusu kaputi. Dozi hupimwa kwa kilo, ndiyo maana kliniki nyingi huuliza uzito kabla ya kutaja bei, na ndiyo maana mbwa mkubwa hulipiwa zaidi kuliko paka. Kliniki nyingi za kwetu hutumia dawa za sindano, na zikitumiwa na mtu anayezijua zinafanya kazi vizuri. Ila sindano ikishaingia mwilini huwezi kuipunguza kirahisi. Kliniki ya Masaki inatumia gesi: mbwa anawekewa bomba kooni, anavuta gesi pamoja na oksijeni, na daktari anaipandisha au kuishusha kadiri anavyoona. Mashine hiyo ni ghali, gesi yenyewe inaagizwa kutoka nje, na anatakiwa mtu wa pili wa kusimama hapo kuangalia pumzi na mapigo ya moyo wakati wa kwanza anashona. Ukijumlisha kodi ya pango la Masaki, jenereta la kuwasha umeme ukikatika, na mhudumu wa kulala na mbwa usiku wa kwanza, unaanza kuielewa ile 320,000. Kwa mbwa mzee, mwenye moyo mbovu, au wa pua fupi anayehangaika kupumua hata akiwa mzima, ningeilipa bila kusita. Tausi alikuwa na miaka minne, mzima, na pua yake ndefu.

Swali lililonisaidia kuliko mengine yote ni hili: "Wakati wewe unapasua, nani anamwangalia mbwa anavyopumua?" Kuna aliyenijibu kwa kumtaja msaidizi wake kwa jina na kumwita aje nimwone. Ni swali lisilohitaji usomi, na jibu lake linakuonyesha kliniki ilivyo.

La usafi nalo linaonekana kwa macho ukiomba kuonyeshwa. Yule binti wa Sinza alifungua kabati akanitolea kifurushi cha kitambaa cha kijani kilichofungwa kwa mkanda wa karatasi wenye mistari ya mshazari. Ndani yake zimo mikasi, koleo na vishikio vya mishipa, seti nzima ya mnyama mmoja. Mkanda ukiwa mpya, mistari yake imepauka. Kifurushi kikishapita kwenye mashine ya mvuke wa moto, inageuka kuwa myeusi. Juu yake walikuwa wameandika tarehe kwa kalamu. Nilikishika mkononi, kikavu, kimekazwa vizuri. Kila mnyama na kifurushi chake, akasema. Kuandaa kifurushi cha namna hiyo kuna gharama: umeme, maji, muda wa mhudumu. Anayepasua wanyama kadhaa kwa vifaa vile vile alivyovichovya kwenye beseni la dawa ataweza kukutajia bei ya chini, na hapo ndipo ilipotoka.

Wapo pia wanaokuja nyumbani. Kijana mmoja aliyesikia natafuta aliniambia atamfanya Tausi barazani kwa 50,000, nusu saa tu. Nilimuuliza namba yake ya usajili, akasema atanitumia, hakutuma. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka daktari wa mifugo awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari, na kuomba kuonyeshwa cheti hicho si kumvunjia mtu heshima. Wataalamu wasaidizi wa mifugo wanafanya kazi kubwa nchini, za chanjo na za tiba za kila siku, nami nawaheshimu sana. Lakini kufungua tumbo ni kazi ya daktari, na baraza la nyumba yangu si chumba cha upasuaji.

Bei hubadilika pia kwa wakati unaompeleka mnyama. Jike aliye kwenye joto mishipa ya kizazi chake imejaa damu, kwa hiyo kazi ni ndefu na hatari zaidi. Madaktari wengi hushauri usubiri miezi miwili au mitatu joto lipite. Ukilazimisha, jiandae kulipa zaidi. Kinachoumiza watu zaidi ni usaha kwenye kizazi. Huwapata majike ambao hawajafungwa, mara nyingi katika wiki chache baada ya joto. Mbwa anakunywa maji kupita kiasi, hali, tumbo linajaa, na wakati mwingine hakuna usaha wowote unaotoka nje wa kukushtua. Hapo hakuna tena kwenda kliniki tatu na daftari. Ni operesheni ya dharura, dripu, dawa kali, pengine kulazwa siku kadhaa, na bei yake inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile ya kumfunga akiwa mzima. Kwa hiyo kulinganisha bei kuna msimu wake, nao ni wakati mbwa haumwi.

Kuna mara nyingine bei nzuri ya upasuaji ni kutopasua kabisa. Jirani yangu alikuwa na dume lililokuwa likivuja damu kwenye uume, akaambiwa mahali kwamba ni uvimbe wa kukatwa. Mahali pengine alipokwenda kuuliza, daktari alichukua chembe kidogo, akazitazama kwenye hadubini, akamwambia huu ni ule uvimbe wanaoambukizana mbwa wanapopandana. Huo kwa kawaida hutibiwa kwa sindano ya dawa iitwayo vincristine, mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na wengi hupona kabisa. Kwa hiyo ukiwa na bei mbili za kukata uvimbe, muulize kila mmoja amejuaje kuwa ni uvimbe gani.

Kwa wenye ng'ombe hesabu ni nyingine. Kaka yangu anafuga ng'ombe wa maziwa Muheza, na kule daktari ndiye anayemfuata mgonjwa, kwa hiyo mafuta ya gari yanaweza kupita bei ya kazi. Ng'ombe aliyeshindwa kuzaa mara nyingi hupasuliwa akiwa amesimama, kwa ganzi ya ubavuni, pale pale zizini. Gharama ambayo wafugaji hawaiandiki ni maziwa. Baada ya dawa za kuua vijidudu, maziwa hayauzwi wala hayanywewi kwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Dawa ya bei nafuu yenye siku nyingi za kumwaga maziwa inaweza kuwa ghali kuliko ile iliyokushtua bei. Daktari ukimuuliza siku hizo ni ngapi, atakwambia.

Hali hii ya kununua bila kujua bei haiko kwetu tu. Nchini Uingereza, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ilifungua uchunguzi rasmi wa soko la huduma za wanyama wa nyumbani mwezi Mei 2024. Ilikuwa imeona kwamba zaidi ya 80% ya kliniki hazikuweka bei zao mtandaoni, na kwamba kampuni kubwa zilizokuwa zikimiliki karibu 10% ya kliniki mwaka 2013 zilikuwa zimefikia karibu 60%. Kwetu kliniki nyingi bado ni za daktari mmoja mwenye mkopo wake na wahudumu wake wawili. Hilo ni jambo jema: unaongea na mwenye mali, na ukimuomba mchanganuo anaweza kukuandikia hapo hapo. Na kwa kesi ngumu ya kuhitaji rufaa, ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ingawa hapo utaongeza nauli na malazi kwenye hesabu yako.

Tausi nilimpeleka Sinza. Damu ilipimwa kwanza, ikaonekana inafaa, akafungwa kizazi asubuhi na jioni tukarudi naye kwa bajaji akiwa bado analewalewa. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Nililipa 200,000, kiasi kile kile nilichokuwa nimekiandika kwenye daftari kabla, bila shilingi moja ya kushtukizwa. Wa stendi naye simlaumu. Bei yake ilikuwa ya kweli kwa kile alichokitaja. Ni mimi mnunuzi niliyepaswa kuuliza kisichotajwa.

Ombi langu ni kwa madaktari wa mifugo, ambao najua wanafanya kazi ngumu kwa watu wanaolalamika bei kila siku. Tuandikieni. Karatasi moja tu ya profoma: kipimo cha damu, nusu kaputi ya aina gani, nani anaangalia pumzi, dripu, dawa za siku ngapi, kola, marudio, nyuzi, na kiasi kitakachoongezeka mnyama akilazimika kulala. Ibandikeni ukutani kwa mbwa, paka na mbuzi. Nawe msomaji, usitoke kliniki bila karatasi hiyo, na kama hawana, chukua daftari lako uiandike wewe mwenyewe wakiwa wanakutajia.