Maji yasiyouzwa

Wengi wanauliza kama maji ya kuombewa, yale yanayouzwa katika chupa, yanaponya.

Tusome 2 Wafalme 5. Naamani, mkuu wa jeshi la Shamu, alikuwa na ukoma. Elisha alimwagiza ajichovye mara 7 katika Yordani. Akakasirika, maana kwao Dameski kulikuwa na Abana na Farpari, mito aliyoiona bora zaidi. Lakini alipotii, alitakasika. Nguvu ilikuwa katika Neno la Mungu, si katika mto.

Wahubiri wengi wanaishia hapo (sijui kwa nini!). Naamani alitaka kutoa zawadi, Elisha akakataa. Gehazi, mtumishi wake, akamfuata kwa siri, akapokea talanta 2 za fedha na mavazi. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye.

Katika Yohana 7:37-39 Yesu anawaita wenye kiu, na maji anayotoa ni Roho Mtakatifu. Sisi tunaonunua maji kwa bidoni tunajua bei yake. Ya Yesu hayana bei. Mgonjwa awaite wazee wa kanisa, kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, na franga za chupa zinunue dawa. Aliyekwisha kununua asione haya. Aje, tutamwombea bure.