Kupe wa Nyati na Ng'ombe Wetu

Leo tuzungumzie kupe wa nyati.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, Mto Katuma hufurika masika na kuijaza mbuga ya Katisunga. Kiangazi, nyati hukusanyika huko kutafuta maji na majani. Lakini nyati hajui mpaka. Huvuka akafika malishoni kwetu, naye huacha kupe.

Sasa sikilizeni. Nyati hubeba vijidudu vya ndigana damuni bila kuugua. Kupe mchanga wa kahawia, yule apendaye masikio, humnyonya nyati, akishiba huanguka majanini. Hapo hujivua ngozi, akawa mkubwa, kisha hupanda juu ya jani kungoja mnyama mwingine. Huweza kungoja miezi mingi bila kula.

Akimpata ng'ombe, hapo ndipo hasara inapoanza: tezi chini ya sikio huvimba, homa hupanda, kupumua huwa kwa shida, na mnyama huweza kufa.

Je, chanjo ya ndigana kali haitoshi? Inasaidia sana, lakini vijidudu vitokavyo kwa nyati mara nyingine huishinda. Kwa hiyo usilishe mahali walipopita nyati, hata kama waliondoka mwezi uliopita. Peleka ng'ombe joshoni kila wiki, na jioni kagua masikio. Kupe hunyonya siku kadhaa kabla ya kuambukiza. Ukimwondoa mapema, umeokoa mnyama.

Ukiona tezi imevimba, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Dawa ipo, ila haingoji.