Corolla ya Braza Iliomba Hewa, Ikanywa Maji!

Wiki hii tunayaweka kando mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tunafungua boneti. Najua masela wengi mna vigari vyenu, na mkimwona jamaa kafunga lile chujio la hewa lenye umbo la koni roho zinawadunda. Mwenzenu ilinidunda hivyo hivyo, nusura nikalale nje.

Gari lenyewe si langu. Ni Corolla ya braza, AE100 yenye injini ya 5A, sisi 1,498. Anaendeshea teksi, na ndiyo inayotulisha pale Tandale: yeye, shemeji, watoto wawili na mimi mla vya bure. Kazi yangu ni kuiosha na kuipeleka gereji. Hakuna aliyenituma kuibuni upya!

Ila wazo lenyewe si la kipuuzi. Injini ni pampu ya hewa. Hii ya braza ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kwa hesabu za kwenye karatasi inavuta kama lita 4,500 ndani ya dakika hiyo moja. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya moto, inabeba oksijeni nyingi zaidi, basi mafuta mengi zaidi yanaungua na nguvu inapanda. Kwa hiyo iletee injini hewa ya baridi. Rahisi, sio?

Nikang'oa boksi la chujio la kiwandani, nikachomeka koni palepale. Weee! Gari likanguruma kama simba mwenye mafua, kijiwe kizima kikasimama. Nikajiona fundi wa mashindano. Kumbe jirani yetu anayetengeneza mafriji alikuwa ananichora tu. Akaniazima kipimajoto chake cha waya, nikakifunga mdomoni mwa koni. Nje nyuzi 32, kwenye foleni ndani ya boneti nyuzi 58! Injini ilikuwa inavuta joto la rejeta na egzosi. Hewa ya nyuzi 58 ni nyepesi kwa karibu asilimia 8 kuliko ya nyuzi 32, maana yake nilikuwa nimepunguza nguvu ili nipate kelele. Na lile boksi nililolitupa uvunguni lilikuwa linavuta hewa kutoka pembeni, mbali na joto. Wajapani si wajinga jamani.

Kichwa kigumu, nikarudi tena. Nikanunua bomba la plastiki la nchi 3, kona mbili na klipu za hosi, nikalishusha hadi nyuma ya bampa, koni ikakaa chini kabisa kwenye upepo. Gari likitembea kipimo kikasoma 35. Braza mwenyewe akasema, "Dogo, kumbe una akili." Nikavimba wiki nzima.

Halafu ikanyesha. Mnaijua mitaa yetu mvua ikinyesha. Maji hayakufika hata katikati ya tairi, ila lori lililokuja mbele lilisukuma wimbi, na koni yangu ilikuwa palepale linapopiga. Gari likakohoa mara moja, likazima. Braza akanyoosha mkono kwenye ufunguo. Nilikuwa kwenye simu na fundi wetu, mzee wa siku nyingi, akapiga kelele hadi braza akasikia: "Usipige starti! Ukipiga tu umeua injini!"

Ndugu zangu, hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji yamejaa juu yake, kinachopinda ni konrodi. Tulilisukuma gari hadi gereji, fundi akafungua plagi zote nne, akazungusha injini, maji yakaruka kama bomba la mtaani! Oili ikamwagwa, ikawekwa mpya. Tulipona kwa sababu gari lilikuwa linatambaa tu. Lakini siku nne braza hakuingiza hata shilingi, na shemeji aliacha kuniwekea chakula. Sikuuliza.

Jaribio la tatu nililifanya na fundi akiwa ananisimamia. Koni ikapanda juu, usawa wa taa. Tukaizungushia ukuta wa bati na mpira wa mlango wa gari bovu, boneti ikifungwa inagusana na mpira na joto halipiti. Bomba tulilipitisha mbali na egzosi, maana plastiki ile inalegea ikikaribia nyuzi 80. Pale chini zaidi tukatoboa kitundu cha kumwaga maji. Sensa ya joto la hewa iliyokuwa kwenye boksi tukaihamishia kwenye bomba, na ule mpira wa mvuke wa oili ukarudishiwa mahali pake. Wenye magari yenye sensa inayopima kiasi cha hewa, msibadili upana wa bomba pale ilipokaa, kompyuta itapiga hesabu za uongo.

Faida? Sitawadanganya. Kipimo kinasoma nyuzi mbili chini ya lile boksi la kiwandani, basi. Mafuta ni yale yale, mwendo ni ule ule. Mlio ndio mtamu!

Boksi la zamani braza amelitoa uvunguni, analo kwenye buti. Wingu likitanda tu ananipigia: "Dogo, lete spana."