Pikipiki ikilala masika, petroli hailali

Kila mwaka, maji yakishapungua bondeni na mpunga ukianza kuvunwa, mafundi wa Ifakara huletewa pikipiki zenye ugonjwa mmoja. Kiki inapigwa mpaka mguu unauma, injini haiwaki. Au inawaka kwa choki tu. Ukirudisha choki, inazima. Mwenyewe anaapa kwamba aliiacha nzima, na anasema kweli. Imeharibika ikiwa imesimama.

Wakulima wengi wa Kilombero wana makazi mawili, nyumba ya mjini au kijijini na dungu la shambani. Mvua zikianza, watu huhamia shambani kupanda, kupalilia, kisha kuamia ndege mpaka mavuno. Daraja la Mto Kilombero lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, limeondoa adha ya kivuko kwa anayekwenda Lupiro au Mahenge. Njia ndogo za kuingia mbugani hazijabadilika. Machi na Aprili, mito inayoshuka Udzungwa inapojaa, huko chombo ni mtumbwi, na pikipiki inabaki nyumbani wiki nane, kumi, pengine zaidi. Wenzetu wa Ulaya huweka pikipiki zao ndani wakati wa theluji, na ile baridi angalau huchelewesha petroli kuharibika. Sisi tunaziweka katika majira ya joto na unyevunyevu, hali mbaya kuliko zote kwa mafuta.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi sana, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyowaka upesi injini ikiwa baridi, na ndivyo vinavyoruka kwanza. Kinachobaki hukutana na hewa, hugeuka rangi, hunuka kama rangi ya mafuta iliyokaa, na mwishowe huacha utandu unaonata kama gundi ya fenesi. Ndani ya tangi lililofungwa kazi hiyo huchukua miezi. Ndani ya kabureta ni wiki chache tu, kwa sababu bakuli lake hushika mafuta kidogo na lina tundu la kupitisha hewa. Sasa fikiria jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa sailensa. Tundu lake halifiki hata nusu milimita. Utandu mwembamba sana unatosha kuliziba. Ndiyo maana pikipiki inataka choki muda wote: njia yake ya chini imeziba, na choki inaipa mafuta kwa njia nyingine.

Kwa hiyo kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu kabla ya kuondoka, fanya hili. Funga koki ya mafuta. Washa injini, iache ilie mpaka izime yenyewe. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwani injini huzima kabla bakuli halijakauka. Mafuta yaliyo chini ya jeti hubaki. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo. Weka kikopo, ilegeze, mafuta yaliyobaki yatoke, kisha ikaze bila kutumia nguvu, maana nyuzi zake ni laini. Pikipiki zenye mfumo wa sindano za umeme hazina kabureta, na pampu yake imo ndani ya tangi. Hizo usizikaushe, zijaze mafuta na uzifunge.

Tangi lina hesabu yake. Tangi la chuma lililo nusu hupumua: mchana hewa hupanuka na kutoka, usiku huingia hewa mpya yenye unyevu, unyevu hugeuka matone juu ya chuma. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hushuka chini kabisa, karibu na koki, na kutu huanzia hapo. Kwa miezi miwili au mitatu, jaza tangi karibu na shingo, uache nafasi ya mafuta kupanuka. Jaza kwa petroli ya sheli unayoiamini. Petroli ya chupa ya barabarani hujui imekaa juani siku ngapi, wala hujui kama imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Angalia pia mpira wa kifuniko, maana masika maji ya mvua huingilia hapo.

Lakini yote hayo yana sharti: pikipiki isilale pamoja na moto. Najua kwa nini watu huiingiza chumbani. Wezi wapo, na chombo kimenunuliwa kwa fedha ya mpunga wa misimu kadhaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, unaweza kufika kwenye mafiga au koroboi ya chumba cha pili. Kama huna mahali pengine ila chumba wanacholala watoto au wanamopikia, toa petroli yote mkiwa nje, mbali na moto, acha tangi wazi kwenye upepo mpaka harufu iishe, kisha mimina oili kidogo, liyumbishe ili oili ipake kuta, ndipo ufunge. Na usiiweke pamoja na magunia ya mpunga. Mpunga huita panya, na panya hutafuna mpira wa mafuta.

Mafuriko yakiifikia, usipige kiki. Ninasisitiza kwa sababu mguu wa kila mtu hukimbilia huko. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na pistoni ikasukumwa juu, kitu kitapinda. Toa plagi kwanza, ndipo uzungushe injini polepole maji yatoke. Tazama oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imwage yote. Mafuta ya tangi yatie kwenye chombo cha kupitisha mwanga, yatulie. Maji utayaona chini, na mstari kati yake na petroli. Bakuli la kabureta nalo lifunguliwe lioshwe, kwani matope laini ya bonde hukaa humo kama uji.

Ukirudi salama kutoka shambani, usiwashe kwa pupa. Kagua mpira wa mafuta kama umepasuka. Fungua koki, subiri dakika chache, tazama chini. Mafuta yakichuruzika kutoka kabureta, boya au sindano yake imenata. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, mara nyingi huachia. Isipoachia, kabureta ifunguliwe.

Hapa nina ombi kwa mafundi wenzangu. Tuache kuzibua jeti kwa uzi wa waya wa breki. Jeti ni shaba laini, na chuma hulipanua tundu. Pikipiki itawaka, mteja atashukuru, na kuanzia siku hiyo itakunywa mafuta kupita kiasi, plagi itakuwa nyeusi, na hakuna atakayejua sababu. Loweka jeti kwenye petroli safi, pulizia kwa pampu ya hewa, itazame juani: ukiona mwanga wa duara kamili, imezibuka. Ikigoma, nunua mpya. Hata hiyo ni nafuu kuliko petroli itakayopotea msimu mzima.

Mafuta yanayotoka kwenye ile skrubu ya chini hayajazi kikombe cha kahawa. Yatoe kabla hujapanda mtumbwi.