Scott Adams na Hadithi ya Maneno Mawili

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi ya Mmarekani Scott Adams, aliyezaliwa mwaka 1952, pamoja na swali ambalo kazi hiyo yawaachia wanaisimu wa lugha za Kiafrika. Adams ndiye aliyeingiza katika tarakilishi ndogo za nyumbani ule mchezo ulio hadithi ya maandishi: msomaji huelezwa alipo na anachokiona, naye huandika amri, na kwa amri hizo hadithi husonga mbele.

Mchezo mashuhuri wa kwanza wa aina hii ulitungwa na Will Crowther na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977, lakini uliendeshwa kwa mitambo mikubwa ya taasisi. Mwaka 1978 Adams aliandika Adventureland kwa ajili ya tarakilishi ya TRS-80 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Baadaye yeye na mkewe, Alexis, walianzisha kampuni ya Adventure International huko Florida. Kampuni hiyo ilianguka katikati ya miaka ya 1980.

Je, hadithi nzima ilieneaje mahali padogo hivyo? Kwanza, Adams alitenga programu na hadithi yenyewe. Programu ile ile ilisoma majedwali ya mahali, vitu na matendo. Hadithi mpya ilihitaji majedwali mapya tu. Pili, aliibana lugha. Amri ilikuwa ya maneno mawili, kitenzi na nomino, na katika Adventureland tarakilishi ilizitazama herufi 3 za mwanzo za kila neno.

Mbinu hii yakifaa Kiingereza, ambacho maneno yake mengi hutofautiana tangu mwanzo. Katika Kiswahili nomino nyingi hutanguliwa na kiambishi cha ngeli. Kiti, kitabu na kitanda zote zingekuwa kit-, na mchezaji aliyeamuru “chukua kitabu” angeweza kujikuta amebeba kitanda. Vitenzi navyo vyaleta utata: kichukue, kichome na kichane vyote vyaanza na kic-, hali mzizi ubebao maana umesukumwa nyuma.

Yafaa ieleweke kwamba kasoro hii si ya Kiswahili. Kumbukumbu sasa ni tele, lakini funzo lingalipo: atakayetunga programu kwa lugha ya Kibantu hana budi kuchambua viambishi kwanza, ndipo aufikie mzizi. Kazi hiyo ni ya mwanaisimu kabla ya kuwa ya fundi.