Programu Inayosoma Moyo Ipimwe kwa Watu Wapya

Kwa saa 24 moyo hupiga takriban mara 100,000. Mgonjwa akivaa kinasa mapigo siku nzima, hakuna daktari wa kuyakagua yote moja baada ya jingine, hivyo kompyuta hutangulia.

Kwanza hutafuta pigo lenyewe. Vyumba vya chini vya moyo vinapokaribia kujikaza, mstari wa ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, hupaa ghafla na kushuka; ncha hiyo ni QRS. Mwaka 1985, watafiti Jiapu Pan na Willis Tompkins walieleza njia inayotumika mpaka leo: chuja mtikisiko wa pumzi na misuli, pima mstari unavyopanda kwa kasi, zidisha kasi hiyo kwa yenyewe ili mwinuko mkali ujitokeze, kisha tafuta wastani wake ndani ya milisekunde 150. Ncha zikishapatikana, nafasi kati yake hupimwa. Nafasi zikiwa ovyo, na kile kilima kidogo kinachotangulia QRS, wimbi P, kikiwa hakipo, huenda vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu hutuama humo na kuganda. Bonge likifika kwenye ubongo, ni kiharusi. Na mgonjwa anaweza asihisi chochote.

Njia hiyo ilipatia asilimia 99.3 ya mapigo katika kanda zilizorekodiwa Boston, hospitali ya Beth Israel, kati ya 1975 na 1979. Ni vipande 48 vya nusu saa, kutoka kwa watu 47. Kila kipande kilichapwa kwenye karatasi ya mita 46 hivi, nakala mbili kwa mabingwa wawili wa moyo. Kila mmoja, peke yake, alipitia pigo kwa pigo akisahihisha alama zilizotangulia kuwekwa na mashine, na walipotofautiana ilitafutwa kauli moja. Mapigo yapatayo 110,000! Naiheshimu sana kazi hiyo, maana programu nyingi zilizofuata zimejifunza kutoka kwake.

Lakini baadhi ya sifa za programu hizo ni za uongo. Watafiti wengi huchukua mapigo ya mtu mmoja, mengine wakafundishia programu, mengine wakaipimia. Kila moyo una mchoro wake, kwa hiyo programu inamtambua mtu, si ugonjwa. Mwaka 2004 mtafiti Philip de Chazal na wenzake walitenganisha wagonjwa: kanda 22 za Boston za kufundishia, 22 nyingine za kupimia. Mapigo ya mapema kutoka vyumba vya juu yalinaswa kwa asilimia 75.9 tu. Tarakimu hiyo ndiyo ninayoiamini.

Hospitali inayonunua programu iulize ilipimwa kwa nani, tena kwa umeme upi. Kanda za Boston zilisomwa mara 360 kwa sekunde ili iwe rahisi kuchuja mvumo wa umeme wa Marekani, wa hezi 60. Wa Afrika Mashariki ni hezi 50; kichujio kilichotegwa kwenye 60 huuacha upite, na wimbi P, kwa udogo wake, humezwa mapema.